Wakija kuboresha mtaa wenu, waulizeni kwanza: wapangaji mmewaandika wapi?

Binti Mapipa:

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita walipita vijana watatu mtaani kwetu, Magomeni hapa Dar es Salaam, wakiwa na futi ya kuvuta na kopo la rangi nyekundu. Wapole kabisa, kila mlango walibisha hodi. Kila nyumba waliandika namba ukutani, wakauliza jina la mwenye nyumba, wakauliza kama kuna karatasi za umiliki, yaani hati, ofa au leseni ya makazi, wakahamia ya pili. Nyumba ninayopanga ina vyumba sita na mwenye nyumba wetu anaishi Kibaha. Sisi tulikuwa uani, wanawake wanne: mmoja anachambua dagaa, mmoja anamwogesha mtoto, mmoja anasuka, na mimi nimekaa kwenye kigoda nasubiri zamu ya bafu. Kijana mmoja akachungulia, akasema "Samahani mama zangu," akapiga picha ya choo, akatoka. Hakutuuliza majina.

Tangu siku hiyo nina wasiwasi, kwa sababu hili nimeshalipitia. Utotoni tulipanga Kariakoo, mtaa siutaji. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama mnavyoijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, uani jiko na choo, mbele baraza. Mama yangu alipika vitumbua pale barazani kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Wateja wake wakubwa walikuwa wabeba mizigo wa sokoni. Walikula asubuhi, wakalipa jioni wakishapata. Madeni aliyaandika kwenye daftari dogo lililoning'inizwa kwa kamba kwenye msumari wa mlango, na kalamu ya wino wa bluu imefungwa pembeni.

Mwenye nyumba akafariki. Warithi wakaingia ubia na mtu mwenye mtaji: wao watoe kiwanja, yeye ajenge ghorofa, kisha wagawane. Wapangaji tukapewa siku thelathini na kurudishiwa kodi ya miezi miwili. Tulikuwa familia sita. Moja ilikwenda Mbagala, moja Gongo la Mboto, sisi Chanika. Bibi wa chumba cha nyuma, aliyekuwa akitulea watoto wote wa nyumba ile, alirudishwa kwao Kisarawe na sikumwona tena. Mama alijaribu vitumbua Chanika. Ladha ilikuwa ile ile, lakini wale vijana wa alfajiri hawakuwepo, na watu wa kule walikuwa wanawahi daladala giza bado halijatoka. Lile daftari alikwenda nalo. Hakuna aliyelipa, na siwalaumu, wangemlipia wapi wakati hawakujua alikohamia?

Ghorofa lipo hadi leo. Chini fremu za maduka, juu mabohari. Usiku anayelala pale ni mlinzi peke yake.

Sasa linganisheni na jirani zangu wa Magomeni Kota. Zile zilikuwa nyumba za enzi za mkoloni, baadaye zikawa chini ya manispaa. Mwaka 2011 wapangaji wake waliondolewa, nyumba zikavunjwa, pakabaki majani kwa miaka. Oktoba 2016 Rais Magufuli alifika pale akaagiza zijengwe nyumba kwa ajili ya watu wale wale, na Machi 2022 Rais Samia akazizindua. Kaya 644. Naomba mlitazame hilo kwa makini: wale watu hawakuwa na hati. Walikuwa wapangaji kama mimi. Walitawanyika mji mzima, wengine kwa ndugu, wengine kwenye vyumba vya kupanga kule pembezoni, lakini walikuwa wanajulikana kwa idadi na kwa majina, walikuwa na uongozi wao, waliendelea kukutana na kuzisumbua ofisi. Siku serikali ilipokubali, hapakuwa na mjadala wa nani alikuwa nani.

Kwetu Kariakoo hakuna aliyetuandika. Hata leo akitokea kiongozi mwenye huruma kiasi gani akisema "warudisheni," atamrudisha nani?

Mimi sipingi kuboreshwa kwa mtaa. Choo chetu kikijaa masika nalala na harufu yake, na ukuta wa chumba changu umechanjika kutoka dirishani hadi chini. Ninachotaka ni kwamba kabla ya futi ya kuvuta ije kalamu ya kuandika watu. Na kwa kuwa hawajaja nayo, nimeanza mwenyewe. Nimenunua kaunta buku. Naomba mwenye uzoefu aniambie niandike nini ndani yake ili siku ya siku isitupwe kapuni.

Fundi Zege:

Dada, pole kwa yaliyomkuta mama. Nitakupinga kidogo, kwa heshima.

Nimefanya ujenzi mjini hapa miaka zaidi ya ishirini. Zile nyumba za Uswahilini nyingi zimeshachoka. Msingi ni mfupi, tofali zimeliwa na chumvi, bati zina kutu, waya wa umeme umeungwa na kuungwa tena kutoka kwenye mita moja ya LUKU hadi vyumba sita. Ukanda wa kuelekea bonde la Msimbazi maji yako karibu sana na uso wa ardhi. Ukichimba shimo la choo, masika linajaa kutoka chini kabla halijajazwa na watu. Huwezi kulitibu hilo nyumba moja moja. Linataka bomba la maji taka la mtaa mzima, na hilo bomba halilipiki kwa familia sita kwa kiwanja. Linalipika kwa familia thelathini. Ndiyo maana wanaleta ghorofa.

Hofu yangu mimi iko kwenye usalama wa hizo ghorofa. Machi 29, 2013 lilianguka jengo lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, watu 36 wakafa. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo watu wakiwa ndani wanafanya biashara, tukapoteza zaidi ya 20, na waokoaji walikaa siku kadhaa wakiwasikiliza wenzetu waliokuwa chini ya zege. Nilisimama pale kwenye utepe. Tulikuwa tunazima jenereta na kunyamaza wote ili sauti za chini zisikike. Sitaisahau ile kimya maisha yangu yote.

Kwa hiyo kwenye kaunta buku lako ongeza swali: nani msimamizi wa ujenzi, na kibali kinaruhusu ghorofa ngapi. Mkiambiwa tano mkaona ya sita inapanda, mpige kelele siku hiyo hiyo.

Binti Mapipa:

Mkuu Fundi Zege, nimekusoma mara mbili na hoja ya bomba naikubali. Nimeandika swali lako ukurasa wa kwanza.

Ila nirudi kwenye hesabu yako. Familia sita, ghorofa inabeba thelathini. Sawa. Je, wale sita wa mwanzo wamo ndani ya hao thelathini? Hapo ndipo ninapopagombania.

Mrithi wa Tisa:

Nizungumze upande wa wenye nyumba maana humu tunaonekana hatuna roho.

Baba yetu alijenga Ilala kwa mshahara wa bandarini. Tulizaliwa tisa, mama wawili. Baba alipofariki, kodi ya vyumba sita ikawa inagawanywa kwa tisa, na kila bati likivuja linatafutwa wa kutoa pesa. Wawili wanataka kuuza, watatu wanataka kujenga, dada mkubwa anasema nyumba ya baba haiuzwi. Kesi ya mirathi imekaa mahakamani miaka minne. Huwezi kukopa benki kukarabati nyumba ambayo msimamizi wa mirathi hajamaliza kazi. Anapokuja mtu na fedha mkononi akasema nawapa fremu mbili na ghorofa moja, watu waliochoka kugombana wanasaini. Mimi nilisaini. Wapangaji wetu nilikuwa nawaita shangazi na mjomba, na siku ya kuwaambia nilimtuma dalali kwa sababu niliona aibu kwenda mwenyewe.

Laiti pale mezani ungekuwepo mkataba wenye kipengele cha wapangaji, ningekipigania. Hakuna aliyenionyesha kama kitu hicho kinawezekana. Dada, hilo liandike: kipengele kiwekwe kwenye ubia wenyewe, kwamba vyumba kadhaa kwenye jengo jipya wanapewa kwanza waliokuwepo, kwa kodi inayopanda polepole. Mwekezaji atanuna, lakini kiwanja ni chetu na anakitaka.

Michenzani Bloku:

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, nimezaliwa ghorofa ya nne.

Majumba ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, juu ya mitaa iliyobomolewa ya Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Watu wa vibanda vya udongo walipewa nyumba zenye umeme na choo cha ndani. Bibi yangu alikuwa akisema siku ya kwanza aliwasha taa akaizima akaiwasha tena hata babu akamkataza. Heshima ile waliyopewa watu wa chini haipaswi kubezwa.

Lakini maji yalikuwa hayapandi. Utoto wetu ni ndoo na ngazi. Bibi alipozeeka akawa hashuki, na asiyeshuka haendi kwa jirani, haendi msibani, hakai barazani. Alikaa dirishani. Watu walimwita kutoka chini, naye akawajibu kutoka juu. Dada, kwenye daftari lako andika nani ni mzee, nani ana mguu mbaya, nani anatumia kiti cha magurudumu. Hao wapewe nyumba za chini kabla ya kura ya kugawana nyumba kupigwa. Kwetu walipiga kura.

Ghorofa ya Sita:

Naongeza kwa Michenzani hapo juu. Mimi naishi kwenye nyumba za mradi hapa Dar, sitataja zipi. Nyumba ni nzuri, madirisha makubwa, naona hadi baharini. Nashukuru.

Mwaka jana jirani yetu wa mlango wa pili alifariki nyumbani. Lifti ilikuwa mbovu siku hiyo. Jeneza likashushwa kwa ngazi, na kona za ngazi zile ni finyu, ikabidi vijana walisimamishe karibu wima, mjane anatazama. Chini pakawa hapana pa kuweka turubai isipokuwa kwenye maegesho, wenye magari wakaombwa mmoja mmoja. Sufuria la wali wa msiba likawekwa karibu na jenereta. Aliyechora ramani ile alifikiria kulala na kuoga na kupika. Msiba hakuufikiria, wala ndoa, wala Maulidi. Nyumba ya Kiswahili uani wake ulibeba hayo yote.

Na mkaa. Wengi wetu tulihamia na majiko ya mkaa. Koridoni moshi, kwenye kibaraza cha dirisha moshi. Gesi ipo, lakini mtungi unataka fedha ya mkupuo, mkaa unanunua hata wa buku, yaani wa shilingi elfu moja. Mtu anayelipwa kwa siku ananunua kwa siku.

Hesabu za Kigogo:

Wakuu, tuweke na namba maana ndizo zitakazowatoa watu kimya kimya.

Magomeni Kota ahadi ilikuwa wakae miaka mitano bila kulipa, halafu wauziwe. Bei zilizotangazwa baadaye zilikuwa zaidi ya milioni 48 kwa ya chumba kimoja na zaidi ya milioni 56 kwa ya vyumba viwili. Chukua hiyo 48 uigawe kwa miaka 20. Ni miezi 240, yaani laki mbili kila mwezi bila kuruka. Weka juu yake umeme wa lifti na pampu, mlinzi, usafi. Mama muuza vitumbua anaweza kupata laki mbili kwa mwezi, sikatai. Swali ni mwezi anaougua.

Jambo jingine halizungumzwi. Ukinunua nyumba kwenye ghorofa, mnamiliki pamoja ngazi, paa, lifti na matangi. Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ipo tangu 2008 na inataka wamiliki wawe na chama chao cha kuendesha hayo. Chama kikiwa legelege, lifti inakufa, kisha pampu, kisha wenye uwezo wanahama. Hivyo dada, watu wako wajifunze kuendesha mfuko wa pamoja kuanzia sasa wakiwa uani. Mkiweza kuchangia unyonyaji wa choo bila ugomvi, mtaweza na lifti.

Mwana wa Tudor:

Salamu kutoka Mombasa. Sisi huku twalijua jambo hili kwa jina la Buxton.

Zilikuwa nyumba za kaunti za tangu ukoloni, na wapangaji walikuwa familia 520. Mwaka 2021 zikavunjwa. Kila familia ililipwa shilingi 240,000 za Kenya za kuhamia, na wakaambiwa watapewa nafasi ya mbele kununua mpya. Kulikuwa na kesi, kulikuwa na maandamano, mwisho majumba yakapanda. Yapendeza, hilo nalisema kwa haki.

Lakini nafasi ya mbele ya kununua si sawa na kurudi. Foleni waweza kuwa wa kwanza na mfukoni huna kitu. Rafiki zangu wawili walikuwa wenyeji wa pale. Pesa zile ziliishia karo na kodi ya mahali pengine, na siku ya kuweka amana ilipofika hazikuwepo. Kama mwaandikiwa makubaliano, msikubali neno "kipaumbele" likae peke yake. Liandikwe na bei, liandikwe na muda wa kulipa, liandikwe na haki ya kupanga kwa asiyeweza kununua.

Mtaro wa Hananasif:

Mimi ni wa Kinondoni, Hananasif. Nimefurahi mleta uzi hakuandika kama ghorofa ndiyo njia pekee.

Serikali ilishajaribu kubomoa na kujenga upya zamani. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa 1962 lilianza kuvunja vibanda vya udongo na makuti, hata hapo Magomeni, na kujenga za matofali palepale. Zilipendeza, ila kila iliyojengwa ilichukua nafasi ya iliyovunjwa, gharama zikapaa, na watu wakazidi kuingia mjini. Miaka ya 1970 wakageuza: wakapima viwanja Sinza na Kijitonyama, na Manzese wakaiacha isimame, wakaipelekea barabara, maji na taa.

Kwetu ilikuwa 1994. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikuja na mradi wa mitaro na barabara, na waliochimba tulikuwa sisi wenyewe, kwa malipo. Kabla ya hapo kila masika maji yalikuwa yanaingia hadi uvunguni mwa kitanda. Nilichimba na marehemu mume wangu. Mpaka leo nikipita pale nafahamu kipande chetu, kwa sababu siku ya kumwaga zege mwanangu alikanyaga na alama ya kisigino ikabaki. Hakuna nyumba iliyobomolewa kwa jirani zangu. Mawe yale tuliyaangalia kama mali yetu, mtu akitupa taka mtaroni anasemwa.

Ubaya nao niuseme. Mtaa ulipokauka, kodi zikapanda. Wapangaji wawili wa nyumba jirani waliochimba nasi walishindwa wakahama. Walitengeneza mtaa wakafaidi wengine. Hilo linaniuma, na ndiyo maana nakuunga mkono mwanangu, andika wapangaji hata kama hakuna tingatinga linalokuja.

Fundi Zege:

Mama wa Hananasif, shikamoo. Umenigusa. Kweli mtaro mzuri unaweza kuiongezea nyumba ya zamani miaka kumi na tano. Natengua kidogo kauli yangu ya kwanza: si kila mtaa unahitaji ghorofa. Wa kwenu ulihitaji maji yatoke.

Binti Mapipa:

Mama, shikamoo. Na wote mliochangia, asanteni, nimenakili kila kitu.

Leo jioni nilipita nyumba nne na kaunta buku. Nimechora mistari hivi: namba nyekundu iliyo ukutani, chumba cha ngapi kutoka mbele, jina la anayelipa kodi, amekaa tangu mwaka gani, wako wangapi, mzee au mgonjwa, anafanya kazi gani na anaifanyia wapi, kodi analipa kiasi gani. Safu ya mwisho nimeacha kwa saini au dole gumba. Nimewaomba wenye risiti za kodi wazitafute, na wasio nazo majirani wawili wasaini kuthibitisha. Nyumba nne tu nimepata kaya 27. Kwa rangi nyekundu ya ukutani ni namba nne.

Nyumba ya tatu nilikuta mzee mmoja, kinyozi, amepanga chumba kile kile tangu 1979. Aliposikia namwandika akaniambia nisubiri, akaingia ndani, akavaa kanzu safi, akatoka akakaa kitako ndipo akasema jina lake, la baba yake na la babu yake. Nimeyaandika yote matatu ingawa mstari haukutosha.

Jumamosi kuna mkutano wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti amekubali niusome ukurasa wa kwanza mbele ya watu na apige muhuri kila ukurasa. Nitatoa nakala tatu: moja ibaki ofisini kwake, moja kwa mjumbe wa shina, moja naipeleka Chanika kwa mama akaitunze. Nimemweleza kwa simu. Ameniuliza kama na daftari lake la vitumbua nalitaka, maana bado analo. Nimemwambia aliweke pamoja.